Kufungua poti kwenye ruta: je, kweli spidi ya kupakua itapanda?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naishi Morogoro, namalizia shahada ya pili. Nyumbani tumefungiwa faiba ya megabiti 20. Kwa torenti, yaani kupokea faili vipande vipande kutoka kwa watu wengine, napakua vitu viwili: Ubuntu (mfumo wa kuendeshea kompyuta), na mkusanyiko wa picha za majani ya mimea kwa ajili ya utafiti wangu. Ubuntu inakwenda kilobaiti 300 kwa sekunde. Ile ya picha ina wagawaji watatu tu, na siku nyingine haisogei kabisa. Rafiki yangu aliniambia nifungue poti 80 kwenye ruta, na ikishindikana niiweke kompyuta kwenye DMZ, spidi itapanda mara tano. Nimefanya vyote viwili, hakuna kilichobadilika. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kabla hujaendelea kusoma, ingia kwenye ruta, itoe kompyuta yako kwenye DMZ (mpangilio unaoiacha wazi kwa kila anayekuja kutoka nje), kisha ifute hiyo poti 80. Sababu nitazieleza mbele, ila hilo lifanye sasa hivi, maana kazi yako yote ya shahada imo ndani ya kompyuta hiyo.

Ukisharudi, tuanze na hesabu. Kampuni ya intaneti inakuuzia megabiti, lakini programu ya torenti inakuonyesha kilobaiti na megabaiti. Biti 8 ndiyo baiti 1. Kwa hiyo megabiti 20 zako, zikifika zote bila kupungua, ni megabaiti 2.5 kwa sekunde, na hapo ndipo dari ilipo. Hakuna poti itakayokupitisha dari hilo hata ukizifungua zote 65,535. Ubuntu ya siku hizi inakaribia gigabaiti 6. Kwa megabaiti 2.5 ingemalizika ndani ya dakika 40 hivi, ila kwa kilobaiti 300 unazopata itakula saa tano na nusu. Una kila haki ya kulalamika. Lakini mna magonjwa mawili tofauti hapo nyumbani, na dawa uliyopewa haitibu hata mmoja.

Poti ni nini hasa? Chukulia ruta yako kama nyumba yenye geti na mlinzi mwenye daftari. Nje, barabarani, nyumba nzima ina anwani moja. Ndani kuna kompyuta, simu tatu na televisheni, kila kimoja na namba yake ya ndani, kama 192.168.1.50. Kompyuta yako ikitoka kwenda kuuliza kitu nje, mlinzi anaandika daftarini nani ametoka na amekwenda wapi. Majibu yakirudi anaangalia daftari, anayapitisha. Lakini mgeni akija mwenyewe, hajaitwa na mtu yeyote wa ndani, mlinzi hana pa kumpeleka, basi anamwacha nje. Kazi hiyo ya daftari ndiyo inayoitwa NAT. Kufungua poti ni kumwachia mlinzi maagizo ya kudumu: anayekuja akiulizia namba 52347, mpeleke kwa 192.168.1.50.

Ukivinjari mtandao, ukitazama video au ukipakua faili kutoka kwenye seva ya kawaida, ni wewe unayetoka na kurudi. Daftari linatosha na maagizo hayo hayana kazi yoyote. Ndiyo maana mtu anayekuambia ufungue poti ili YouTube iende kasi hajaelewa kinachofanyika getini.

Torenti ni jambo jingine. Bram Cohen alipoitengeneza BitTorrent mwaka 2001, wazo lake lilikuwa faili lisitoke mahali pamoja. Linakatwa vipande vidogo, na kila anayelitaka anapokea vipande huku anawagawia wenzake alivyokwisha kupata. Hapo kila kompyuta inabisha hodi kwa wenzake na kubishiwa hodi pia. Sasa watu wawili wakiwa wote wamefunga mageti, hakuna anayeweza kuingia kwa mwenzake. Programu za siku hizi zina mbinu ya kuwakutanisha njiani, lakini haifaulu kila mara. Aliyefungua geti anaweza kufikiwa na wote, waliofunga na waliofungua. Aliyefunga anabaki na waliofungua tu.

Hapo sasa uziangalie torenti zako mbili. Ubuntu ina wagawaji wengi mno, na wengi wao ni seva zenye mageti wazi usiku na mchana. Hata ukiwa umefunga, huwezi kukosa wa kukupa. Ile ya picha ina watatu. Kama wawili kati yao wamefunga kama wewe, umebaki na mmoja; huyo akizima kompyuta akaenda kulala, unakaa unatazama sifuri. Fungua qBittorrent, kama ndiyo programu yako ya torenti, uangalie safu iliyoandikwa "Seeds". Utaona namba mbili, mfano 1 (3). Maana yake wapo watatu, ila wewe umeunganishwa na mmoja. Namba hizo zikiwa mbalimbali hivyo kila siku, poti itakusaidia kwelikweli. Zikiwa 3 (3) na bado unakwenda polepole, basi tatizo ni laini za wagawaji wenyewe, na hapo hakuna utakalofanya zaidi ya kusubiri.

Kwa hiyo rafiki yako alikuwa na chembe ya ukweli, ila aliipeleka kwenye torenti isiyohusika, na poti aliyokutajia siyo. Poti 80 ni ya tovuti. Programu yako ya torenti haisikilizi huko, hivyo mlinzi alikuwa anawapeleka wageni kwenye chumba kisicho na mtu.

Kabla hujafungua iliyo sahihi, kuna kipimo kimoja ambacho nakuomba usikiruke, kwa sababu ndicho kinachowapotezea watu wengi muda. Hilo geti ni lako?

Kuna mteja wangu wa Tanga niliyemfanyia kila hatua kama inavyotakiwa. Nikapima kutoka nje: imefungwa. Nikarudia yote, nikawasha upya ruta, nikapima: imefungwa. Nilipofungua ukurasa wa hali ya ruta na kuisoma ile anwani ya upande wa nje, ilianza na 100.91. Nikaacha kila kitu hapo hapo. Anwani hiyo haikuwa ya barabarani. Ilikuwa ya ndani ya uzio mwingine mkubwa zaidi, wa kampuni ya intaneti, na geti la uzio huo mimi na mteja wangu hatukuwa na funguo zake.

Chanzo chake ni uhaba. Anwani za IP za mfumo wa zamani, IPv4, ni bilioni 4.29 tu dunia nzima. Shehena kuu ya dunia iligawiwa ikaisha Februari 2011. AFRINIC, shirika lililoko Mauritius linalogawa anwani kwa Afrika, lilianza kubana mwaka 2017, na tangu Januari 2020 linatoa zisizozidi 1,024 kwa ombi moja. Kampuni yenye wateja maelfu mengi itawapa nini? Inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa daftari jingine kama la ruta yako, kubwa zaidi. Huitwa CGNAT, na mwaka 2012 zilitengwa anwani maalumu kwa kazi hiyo: kuanzia 100.64 hadi 100.127.

Kujipima ni kazi ya dakika mbili. Andika anwani ya ruta kwenye kivinjari. Mara nyingi ni 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.100.1, na ukitaka uhakika andika ipconfig kwenye dirisha la amri la Windows, utaiona kwenye mstari wa "Default Gateway". Ingia, tafuta ukurasa wa "Status" au "WAN", uisome anwani ya IP. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya nje. Zikilingana, geti ni lako. Zikitofautiana, tazama hiyo ya kwenye ruta inaanza na nini. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT. Ikianza na 10 au 172.16 hadi 172.31, inaweza kuwa hivyo hivyo. Ikiwa 192.168, mara nyingi una ruta mbili nyumbani: kisanduku cha faiba kilicholetwa na kampuni, na nyingine uliyoinunua mwenyewe dukani ukaichomeka nyuma yake. Hapo kuna walinzi wawili, na maagizo lazima wayapate wote. La sivyo iombe kampuni iweke kisanduku chake kwenye hali ya daraja, yaani kipitishe tu na kazi ya mlinzi aachiwe mmoja.

Ukikutwa na CGNAT, piga simu kampuni yako uulize kama wana anwani ya IP ya umma. Itamke hivyo hivyo, maana ukisema "nataka kufungua poti" unaweza kuambiwa uzime ruta na kuiwasha. Baadhi wanatoa kwa malipo ya ziada kila mwezi. Uliza pia kuhusu IPv6, mfumo mpya ambao anwani zake hazina uhaba. Ukiwa nayo, kila kompyuta inaweza kuwa na anwani yake ya nje, na unachofanya ni kuiruhusu poti kwenye fayawoli ya ruta, yaani sehemu inayozuia wageni wasioruhusiwa. Wapo wanaokimbilia VPN, yaani huduma inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya kampuni nyingine, ile yenye uwezo wa kufungua poti. Si zote zinazo. Mullvad, kwa mfano, waliiondoa mwaka 2023 kwa sababu ilitumiwa vibaya. Na kwetu Tanzania kumbuka kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo likiwataka watu na kampuni wanaohitaji VPN kwa shughuli zao watoe taarifa kwake. Usiweke VPN kwa ajili ya torenti bila kujua sheria inasemaje. Kama intaneti yako ingekuwa ya laini ya simu badala ya faiba, ningekuambia mapema usihangaike. Huko CGNAT ndiyo hali ya kawaida.

Tuseme umepima na zimelingana. Sasa kazi yenyewe.

Anza kwa kuipa kompyuta namba isiyobadilika. Kwa kawaida ruta hugawa namba za ndani kwa zamu, na leo kompyuta yako ikiwa .50, umeme ukikatika ukarudi inaweza kuamka ikiwa .53, na wageni wakaendelea kupelekwa kwenye televisheni. Kwenye ukurasa wa DHCP wa ruta, yaani ule wa kugawa namba hizo, kuna sehemu ya kutengea chombo fulani namba yake, kwa kutumia anwani ya MAC ya kompyuta, yaani namba ya kiwandani ya kifaa chake cha mtandao. Itumie hiyo. Ni hatua ambayo watu huiruka, kisha baada ya wiki mbili wanasema poti "imejifunga yenyewe".

Halafu nenda kwenye mipangilio ya qBittorrent, sehemu ya muunganisho, uchague poti. Achana na 6881 hadi 6889. Ndizo za jadi za BitTorrent, na kampuni inayotaka kuibana torenti huanza na hizo. Chagua kati ya 49152 na 65535, namba yoyote unayoweza kuikumbuka. Mimi nimetumia 52347 kwa mfano. Hakikisha programu haijaachiwa kuchagua poti mpya kila inapowashwa. Hapo hapo utaona alama ya tiki ya UPnP. Huo ni utaratibu wa programu kumwagiza mlinzi bila wewe kugusa chochote, na kwa watu wengi hufanya kazi. Ushauri wangu uizime, kwenye programu na kwenye ruta. Programu mbaya iliyoingia kwa bahati mbaya kwenye simu ya mdogo wako nayo inaweza kutumia njia hiyo hiyo kufungua mlango inaoutaka, na hutajua. Maagizo uliyoyaandika kwa mkono wako unayajua na unaweza kuyafuta.

Kwenye ruta tafuta "Port Forwarding". Ruta nyingine huiita "Virtual Server" au "NAT". Poti ya nje: 52347. Poti ya ndani: 52347. Anwani ya ndani: ile uliyoitenga. Aina: TCP na UDP zote mbili (ni njia mbili za kusafirisha data), kwa sababu torenti za siku hizi hutumia UDP kwa sehemu kubwa, na anayeiacha hupata nusu ya faida. Hifadhi. Windows ikikuuliza kama fayawoli yake iiruhusu qBittorrent, ruhusu kwenye mtandao wa nyumbani tu. Kompyuta ni ya kubeba, siku utaifungua kwenye waifai ya hoteli.

Kupima kuna mitego miwili. Poti huonekana wazi pale tu programu inapokuwa imewashwa na inasikiliza. Ukiifunga qBittorrent ukaenda kupima, utaambiwa imefungwa hata kama kila kitu ni sahihi. Na ukipima kwa anwani yako ya nje ukiwa ndani ya nyumba, ruta nyingine hazijui kuzunguka hivyo na zitakudanganya. Tumia tovuti ya kupima poti, au simu iliyozimwa waifai. Ushahidi ninaouamini kuliko wote umo ndani ya programu yenyewe: bofya torenti, fungua orodha ya wenzako, tazama safu ya alama. Ukiona herufi I mbele ya mtu, huyo amekuja mwenyewe kutoka nje na mlinzi amempitisha. Mpe nusu saa hivi kabla hujakata tamaa, hasa torenti ikiwa na watu wachache.

Sasa turudi kwa Ubuntu, ambayo nimesema poti si dawa yake. Jaribu hivi: simamisha torenti zote, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, upakue Ubuntu moja kwa moja kutoka kwenye tovuti yao kwa dakika tano. Ukipata megabaiti 2 na ushee, laini yako ni nzima na adui yuko ndani ya nyumba. Kwa uzoefu wangu adui huyo mara nyingi ni waifai. Mbezi niliwahi kukuta ruta juu ya kabati la vyombo, nyuma ya televisheni, na kijana anasoma chumba cha tatu, kuta mbili za tofali katikati. Alikuwa anapata kilobaiti 400. Tulivuta waya wa mita 15 pembeni ya ukuta, akapata megabaiti 2 jioni ile ile, kwa kifurushi kile kile. Kama huwezi kuvuta waya, itumie bendi ya gigahezi 5 ukiwa karibu na ruta. Ile ya 2.4 inafika mbali zaidi lakini unagombea nafasi na majirani wote.

Adui wa pili ni kupakia. Torenti inapowagawia wenzako bila kikomo, inaijaza njia ya kutoka. Na kila kipande unachopokea kinahitaji kompyuta yako itume risiti ndogo kwamba kimefika. Risiti zikikwama kwenye foleni, anayekutumia anapunguza mwendo akidhani njia ni mbovu. Pima spidi yako ya kupakia, kisha weka kikomo kwenye programu cha asilimia 80 hivi ya hicho ulichopima. Usiweke karibu na sifuri. Programu za torenti zimeundwa kumpendelea anayegawa, na ukiwa mchoyo utapewa kwa uchoyo. Punguza na idadi ya miunganisho. qBittorrent huja na 500, na daftari la ruta za bei ndogo linaelemewa. Mara nyumba nzima inalalamika intaneti imekufa. Jaribu 200. Wewe na wagawaji wako watatu hamhitaji hata robo yake.

Nilikuahidi sababu za lile la mwanzo. DMZ ya ruta za nyumbani ni kumwambia mlinzi: kila mgeni, kwa namba yoyote, mpeleke kwenye kompyuta hii. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilisambaa duniani kupitia poti 445, ile ya Windows ya kushirikishana mafaili, na kompyuta zilizokuwa zimeiacha wazi kwa mtandao bila marekebisho ziliingiliwa pasipo mwenyewe kubofya kitu chochote. Faili za watu zilifungwa, wakadaiwa pesa. Mwaka mmoja kabla yake, 2016, Mirai iliteka kamera na ruta kwa maelfu kwa kujaribu tu nywila za kiwandani. Intaneti inapekuliwa saa 24 na programu zinazojaribu kila anwani, na kompyuta ya mwanafunzi Morogoro inapekuliwa sawa na ya benki. Poti moja inayofika kwenye programu moja iliyosasishwa ni hatari ndogo ambayo nakubali uibebe. DMZ sikubali, wala poti 445 au 3389 (ile ya kuiendesha Windows ukiwa mbali), hata kwa usiku mmoja. Na kama bado unaingia kwenye ruta kwa "admin" na "admin", badilisha leo.

Picha zako zikishakamilika, nakuomba usiifunge programu hapo hapo. Mkusanyiko wenye wagawaji watatu uko karibu kupotea, na pengine yupo mwanafunzi mwingine anayetazama sifuri kama ulivyokuwa wewe. Iache igawe usiku kwa majuma mawili matatu, kwa kikomo kile kile ulichoweka, geti lako likiwa wazi ili hata waliofunga wakufikie. Siku utakapoamua basi, kuzima programu hakutoshi. Rudi kwenye ruta uufute na ule mstari wa 52347.